Friji Iliyomsubiri Fundi wa Waranti

Kihonda, Morogoro

Mdogo wangu Method,

Kabla hujasoma mbele, mshike mama mikono yote miwili umpe shikamoo yangu. Mgongo wake unaendeleaje? Na wewe, kifua kilichokusumbua wakati wa kuchuma kahawa kimetulia? Sisi huku tupo. Sitasema wazima, utajua nakudanganya, ila tunaamka na kwenda kazini. Kiwandani watu wamepungua na kazi imebaki ile ile. Nashona kola za mashati tangu asubuhi, nikirudi nyumbani naona kola hata kwenye sahani ya ugali. Mvua zimeanza, milima imejifunika mawingu na nguo hazikauki.

Ujumbe wako niliupata. Unasema mama ameandikiwa sindano za insulini na anaziogopa, umeona friji ndogo hapo mjini Mbinga, na muuzaji anakushauri ulipie waranti ya nyongeza juu ya ile inayokuja na friji, ili hata mwaka wa kwanza ukiisha uwe na amani. Unaniuliza ulipe au uache. Ningekujibu kwa simu, lakini habari yenyewe kila nikiianza kwa mdomo nashindwa kuimaliza. Wewe na mama mlijua tu kwamba shemeji yako Festo alilazwa. Mengine sikuwaambia.

Festo ana sukari tangu Neema hajaanza shule, na friji tuliinunua kwa ajili ya dawa yake. Siku tuliyokwenda kuichukua, kijana wa dukani, Rashidi, mpole kabisa, alituuliza tunataka kuweka nini ndani. Nikamwambia.

"Basi mama, wewe ndiye hasa wa kulipia waranti ya nyongeza," akasema. "Friji ya dawa si ya kuchezea. Ikiharibika unapiga simu tu, fundi wetu anakuja mpaka mlangoni."

Festo alisita. Mimi nikasema tulipe, tukalipa.

Mwaka wa kwanza haikutusumbua. Wa pili, mvua kama hizi, umeme ukawa unakatika na kurudi, unakatika na kurudi. Jioni moja ulirudi kwa nguvu hadi taa ya sebuleni ikapasuka. Friji taa yake ya ndani ilikuwa inawaka, kwa hiyo hatukuwa na wasiwasi nayo. Aliyegundua ni Bi Mwanahamisi, mama mwenye nyumba wetu. Ni mtu wa Kinole, na juisi ya mananasi anayoletewa na kaka yake kutoka huko huwa anaiweka kwetu. Alifungua friji, akanusa, akaniita.

"Mama Neema we! Juisi inatoa povu. Friji yako imekufa hii."

Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa fundi friji, Mzee Kondo. Nikamwita. Alikuja na mkoba wake, akapiga magoti nyuma ya friji, akatoa bisibisi. Ndipo Festo akasema, "Mzee, samahani, subiri kwanza. Hii ina waranti. Walituambia akiifungua fundi mwingine, waranti imekwisha."

Mzee Kondo akairudisha bisibisi mkobani. "Basi waiteni wenyewe. Sitaki kuwaharibia haki yenu."

Nikapiga simu. Akapokea dada mwenye sauti nzuri, akanipa pole, akasema fundi atatoka Dar es Salaam baada ya siku mbili tatu. Siku hizo zikapita. Nikapiga tena, nikaambiwa yuko njiani. Nikapiga tena, nikaambiwa gari limeharibikia Chalinze. Nilikuwa nampigia yule dada kutoka chooni kiwandani, maana msimamizi hataki simu kwenye mashine. Wiki ikaisha, tukaingia nyingine.

Na dawa, Method, tuliiacha mle mle. Kila siku tulijua fundi anakuja kesho, sasa ya nini kuihamisha? Tukaona hata friji iliyokufa ni afadhali kuliko kabati. Joto la huku unalijua, ulipokuja Krismasi ile ulihamishia godoro barazani. Chumba chetu ni bati tupu juu, na friji ikizimwa ni sanduku tu. Festo akaendelea kujichoma asubuhi na jioni, dozi yake ya siku zote. Akaanza kunywa maji mno. Akasema ni joto. Akakonda. Akasema ni mawazo.

Jumapili moja tulikuwa tunatoka kanisani, akakaa kwenye ngazi. "Mama Neema," akaniambia, "barabara siioni." Nikadhani ananitania, nikamwambia inuka, watu wanapita. Nilipoinama kumshika, pumzi yake ilikuwa na harufu ya tunda lililooza. Bi Mwanahamisi ndiye aliyeleta bajaji. Mimi hata njia ya hospitali siikumbuki.

Nesi aliyempokea aliniuliza, "Dawa mnaihifadhi wapi?"

"Kwenye friji."

"Na friji inapoza?"

Nikamwambia haipozi, tunamsubiri fundi wa waranti. Yule nesi hakunigombeza. Alinieleza kwamba dawa ikikaa kwenye joto huisha nguvu, na mtu hujichoma akidhani ametibiwa kumbe ni kama amejichoma maji. Akasema siku ile ile friji ilipokufa ningeweza kuifunga dawa kwenye mfuko usiopitisha maji, nikaiweka kwenye mtungi wenye maji, kivulini. Mtungi tunao. Upo hatua chache tu kutoka pale ilipo friji.

Fundi wa waranti alikuja Festo akiwa bado wodini. Neema alinipigia, nikarudi nyumbani nikiwa na kanga niliyolalia. Kijana wa watu alikuwa nadhifu, ana adabu. Akafungua, akapima, akasimama.

"Mama, kompresa imeungua. Hii imesababishwa na umeme. Waranti haihusiki na umeme."

"Inahusika na nini?"

"Kasoro ya kiwandani."

"Kasoro ya kiwandani si ingeonekana mwaka ule wa kwanza?"

Akatazama chini. "Mara nyingi, ndiyo."

Sikuwa na nguvu ya kugombana. Nikampa maji ya kunywa, akanywa, akaondoka. Nikaenda kumgongea Mzee Kondo. Kesho yake jioni friji ilikuwa inapoza.

Baadaye nilikwenda dukani kwa Rashidi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini nilipomwambia habari ya Festo alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama, mimi nasema ninachofundishwa kusema. Friji yangu nyumbani sikuilipia."

Festo alirudi nyumbani. Macho yake hayajarudi sawa, na kazi ya ulinzi wamemwondoa, sasa anamsaidia Bi Mwanahamisi kuuza matunda. Neema ndiye anayemsomea ujumbe wa simu.

Mwaka huu friji ile ilichoka kabisa, tukaenda duka lingine kununua nyingine. Binti wa pale alipomaliza kuandika risiti akauliza, "Na waranti ya nyongeza, tuweke?" Mdogo wangu, utashangaa. Nilifungua pochi. Festo akasikia zipu.

"Mama Neema, unafanya nini?"

"Sijui," nikamjibu. Na kweli sikujua. Nadhani nilikuwa nimechoka tu, nikataka mtu yeyote, hata mtu wa dukani, aniambie kwamba hakuna kitakachoharibika tena. Festo alipapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaifunga ile pochi. "Twende tukanunue kile kidude cha kulinda friji umeme ukirudi na nguvu," akasema. Tukaenda, tukanunua.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: mimi nisingelipa. Waranti inayokuja na friji inatosha kwa kasoro za kiwandani. Hela hiyo nunua kidude hicho, itakayobaki mpe mama aiweke, iwe ya fundi. Lakini kwa kuwa uko huko na mimi niko huku, muulize muuzaji fundi wao anakaa wapi, umeme ukiunguza nani anatengeneza, na akichelewa mnaruhusiwa kumwita wa jirani. Akikujibu vizuri yote na ukayaona kwa maandishi, lipa, sitakulaumu. Ila ukilipa au usilipe, friji ikifa, toa dawa siku hiyo hiyo. Usimsubiri mtu. Kwenu baridi inasaidia, lakini usiitegemee.

Msalimie mama mdogo anayeuza vitumbua sokoni, mwambie kitambaa chake nitakileta mwenyewe. Msalimie mjomba katekista, na shangazi anayekulelea watoto wako ukienda shamba, na mkeo, mwambie namshukuru kwa uji anaompikia mama. Bi Mwanahamisi anawasalimu ingawa hajawahi kuwaona.

Mimi dada yako,
Editha

Festo yuko hapa pembeni, anataka niongeze maneno yake kama anavyoyasema:

"Shemeji Method, msomee mama hapa taratibu. Mama, shikamoo. Nasikia umeifungia sindano kabatini na hutaki kuguswa. Hata mimi siku ya kwanza nilitoka kliniki mbio nikaacha kofia. Naomba kesho asubuhi unipigie simu, mimi nitakuwa na sindano yangu na wewe na yako. Tutahesabu pamoja, halafu tutachoma."