Muthokoi wa Mama kwa Gesi ya Ng'ombe

Mitaboni, Machakos
Jumapili mchana

Kwako kaka yangu Muli,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, wewe, wifi Winfred na watoto. Sisi huku hatujambo, mvua imetunyeshea vizuri na kunde zimechanua. Mama amesema nikuulize kwanza kama goti lako limepoa. Ningekupigia simu, ila nakujua: ungenikatiza kabla sijafika popote, na habari hii nataka uipate yote.

Unakumbuka tulivyoachana. Ulisema daktari amemkataza Mama moshi wa kuni, na kwamba asipoachana na mafiga utamchukua akaishi nanyi Syokimau, chumba kiko tayari. Mama akakujibu kwamba gesi ya kinyesi cha ng'ombe, ile ya shimo alilotuchimbia Baba, haiwezi kuivisha muthokoi, mahindi magumu ya kukoboa na maharagwe yake, na nyumba isiyopika muthokoi si nyumba. Nikajitia kati, nikaomba nafasi hadi siku ya kina mama wa kanisa kuja kwetu. Mkakubaliana: muthokoi ukiiva kwa gesi, anabaki, usipoiva, gari lako linakuja kumchukua. Ulicheka, kaka. Nilikuona.

Gesi yetu haikuwa mbovu. Imechanganyika tu na kaboni dioksidi nyingi, nayo haiwaki, inaudhoofisha moto. Sasa ile polima ya unga niliyoitengeneza maabara, ambayo wewe uliiita ugoro wa chuo kikuu, imejaa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Kaboni dioksidi ikipita humo inanasa kwenye kuta za vitundu, na methani, ambayo ndiyo inayowaka, inaendelea zake hadi kwenye jiko. Unga ukishiba unaupasha joto, unatema ulichonasa, unautumia tena. Nikaandaa bomba nene la kuujaza, nikauacha kwenye ndoo stoo, nikaenda mjini kutafuta vali.

Kurudi, roho nusura initoke. Mama alikuwa ameuosha! Aliunusa akasikia harufu ya dawa, akaamua kwamba hakuna kitu kitakachokaribia chakula cha wageni wake bila kuoshwa. Akaumwagia maji, akausugua kama anavyosugua muthokoi uliotoka kwenye kinu, akauchuja kwa leso, kisha akanionyesha kwa fahari jinsi ulivyotakata. Nililia, Muli. Sikuwa na unga mwingine, na wageni walikuwa wanakuja kesho yake. Nikampigia Emily, msimamizi wangu chuoni, nikitarajia kukemewa. Akacheka mpaka nikakasirika. Akanikumbusha jambo ambalo mimi mwenyewe nimeliandika: polima hii haiyeyuki wala haivunjiki kwa maji. Maji yameziba vitundu tu, na yakikauka vitafunguka. Basi tukauanika kwenye bati jua likiwa kali, Mama akifukuza kuku huku akilalamika kwamba nililia kwa jambo dogo.

Jana kina mama wakaja. Wanza, jirani yetu yule mwenye mdomo, alifika na mzigo wa kuni, akasema amekuja kutuokoa na aibu. Unga ulikuwa umekauka na nimeshaujaza kwenye bomba, nikafungua vali. Moto, kaka! Ule moto mnyonge uliokuwa ukizimika kila upepo ukipita ulisimama wima, wa buluu, ukanguruma. Sufuria kubwa ikatokota na kutokota hadi maharagwe yakapasuka. Mama akachota punje ya mahindi, akaibonyeza kwa vidole mbele ya watu wote, akaitafuna. Kisha akapiga kigelegele, na ua mzima ukampokea. Wanza alipakua mara mbili, na kuni zake akarudi nazo. Tumeshinda, Muli! Furaha niliyo nayo sijui niiweke wapi.

Lakini kuna jambo Mama amenituma nikuambie, kwa kuwa mwenyewe anaona haya. Tukiosha vyombo aliniambia kwamba alikatazwa moshi tangu Baba akiwa hai, na akatuficha. Miaka hiyo yote amekuwa akilala ameketi ili asikohoe tukamsikia. Hakuwa akizipenda kuni. Alijua tukigundua kwamba anaumwa tutamhamisha, na aliogopa kufia kwenye chumba cha wageni, mbali na kaburi la Baba. Nilimkasirikia sana, kisha nikamkumbatia.

Leo tulipotoka kanisani aliingia jikoni bila kubadili nguo, akang'oa mafiga yote kwa mikono yake, akakataa nimsaidie. Ameyapanga kando ya kaburi la Baba, na sasa ameketi juu ya mojawapo akimsimulia mambo ya jana.

Kile chumba wapeni watoto. Anasema Krismasi atakuja kuwatembelea, kisha umrudishe kwake.

Wabusu watoto kwa niaba yetu, na goti ulipake mafuta. Mungu awalinde.

Ni mimi dada yako mwenye ugoro,
Ndinda