Kiti cha Kushoto

Bukuru,

Lami imefika Kibondo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya hali ya Mama na kabla ya kuuliza kama nimekula. Imenyooka kutoka Kasulu, nyeusi, ina mistari pembeni, na watu wameshaanza kuanikia mihogo juu yake. Ulisema lami ikifika tutanunua gari letu. Nimenunua. Nimechoka, ndugu yangu, lakini nimenunua.

Kazi ya gereji hainichoshi, unanijua. Kinachonichosha ni jina langu. Huku kwetu mtu akisikia naitwa Toyi anajua kuna Bukuru aliyetangulia kutoka tumboni, na lazima amuulizie, kwa adabu tu, kama anavyoulizia mvua. Juzi askari wa kizuizi aliangalia leseni yangu, akatabasamu: "Toyi! Bukuru hajambo?" Mwanzoni nilikuwa naeleza. Naeleza, mtu anasikitika, mimi ndiye naanza kumbembeleza yeye. Siku hizi nasema hajambo, napita. Nisamehe. Kila siku nakutolea salamu ambazo hukunituma.

Halafu kuna kuchagua. Mimi na wewe hatukufundishwa kuchagua. Mama alinunua kila kitu viwili, kaptura mbili za rangi moja, ndala pea mbili, hata peremende akikosa ya pili alikuwa anaiacha dukani. Pacha hapewi kitu mwenzake akatazama. Ukiumwa tumbo wewe, nami nilinyweshwa dawa. Tukigombania baiskeli, tulisubiri mwaka mzima zipatikane mbili. Ndiyo maana ugomvi wetu wa gari haukuisha. Hatukujua ugomvi unaishaje bila Mama kununua viwili.

Unakumbuka ulivyoanza? Yule mzee mstaafu wa Morogoro, ambaye mpaka wakati huo tulikuwa tukimwona kwenye simu tu, alikuwa ameagiza magari mawili ya kuunganisha mwenyewe ili yampe kazi akistaafu, mgongo ukamkatalia. Fremu ya mabomba, bodi ya faiba, na injini unaitafuta kwenye gari la kawaida lililokufa. Ulinionyesha picha ukiwa na uji mkononi na uji ukapoa. La kwanza lilikuwa na kiti kimoja tu, upande wa kushoto umezibwa kabisa, halina mlango wala kioo cha mbele, gari la uwanja wa mbio hasa. La pili lilikuwa na viti viwili, vimilango vidogo kama vya banda la kuku, na turubai la kujifunika mvua ikikukuta njiani. Wewe ulitaka la kwanza. Mimi la pili. Nilisema barabara ya kwetu ina mvua, ina mbuzi, ina matuta, na gari lisiloweza kufika kwa Mama si gari. Ukasema gari zito si gari, ni ghala.

Ukaenda sokoni kuazima mizani ya kuning'iniza kwa yule mama wa maharage. Ukatundika kiti cha gari la Noah kwenye boriti ya gereji mbele ya wateja, ukakionyesha kwa spana kama mwalimu wa hesabu. "Mnamwona huyu? Huyu ni abiria asiyelipa. Anakula mafuta, anachelewesha breki, anavuta kona. Kiti cha kushoto kitolewe!" Nikakuuliza, mimi nitakaa wapi? Hukusita hata kidogo. "Utakaa Kibondo kwa Mama, unisubiri."

Gereji nzima ilicheka. Tangu siku hiyo kila tukibishana juu ya jambo lolote, hata chumvi kwenye mboga, ulikuwa unanijibu hivyohivyo: nenda Kibondo, unisubiri.

Halafu ini. Sitaki kuandika mengi juu ya ini. Mama alipokuja Kasulu na mizizi yake, alichemsha akamimina vikombe viwili. Nilikuwa mtu mzima, nina mke, na nilikunywa changu chote huku wewe ukinitazama kwa yale macho yaliyokuwa yamegeuka manjano, unacheka bila sauti. Uchungu ule bado uko kwenye ulimi wangu. Na siku ile nilipokubeba kutoka kitandani kwenda kwenye teksi, nilinyanyua kwa nguvu niliyozoea, kidogo nikurushe. Ukaninong'oneza sikioni: "Toyi, sasa nafaa kwa mbio." Nilicheka. Mpaka leo sijui nilichekaje.

Baada ya matanga Mama alifua nguo zako akanipa. Sasa nina mashati mawili ya kila rangi. Shemeji yako huwa hajui limechakaa lipi.

Nilikaa muda mrefu bila kulitaja gari. Kisha wakandarasi wakamaliza kipande cha mwisho, na siku hiyo yule mzee wa Morogoro akanipigia mwenyewe. Alikuwa anahama, anataka uwanja wake uwe wazi, je, wale ndugu wawili bado wanataka? Nikasema wanataka. Tuliuza kile kiwanja chetu cha Murubona, kile ulichosema kina mchwa kuliko udongo. Shemeji yako alisema watu wenye akili wangejenga. Nilimwambia watu wenye akili walinunua, na sasa mchwa ni wao.

Morogoro hakuna aliyeniuliza habari zako. Nilipotaja jina, yule mzee alisema tu, "Jina zuri," akanikaribisha chai. Kule Toyi ni jina la mtu mmoja. Nilijisikia nimepumzika, kisha nikaona aibu kwa kupumzika huko, na chai ikanishinda.

Magari yalikuwa chini ya mabati, hayajafungwa injini, fremu juu ya matofali. Nikakaa kwenye lako kwanza. Bukuru, ulikuwa na jicho. Unaingia kama unavyovaa kiatu kilichoshonwa kwa mguu wako. Stelingi iko pale mkono unapotaka iwe, miguu imenyooka, na huoni kitu kingine ila mbele. Nilikaa nikafikiri, hili ndilo. Nikalinunua moyoni. Kisha nikageuza shingo kukwambia kitu, kama kawaida yangu, na kushoto kulikuwa na ukuta wa faiba mweupe, karibu kabisa na bega.

Nikatoka haraka nikakaa kwenye langu. Hili ndilo nililolipigania, na sikuweza kukaa humo. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu pale pembeni, kimefungwa boliti nne, na mkanda wake umekunjwa vizuri kama unasubiri mtu. Kununua gari lako ni kukubali kwamba mimi ni mtu mmoja. Kununua langu ni kuendesha maisha yangu yote pembeni ya nafasi yako. Yule mzee alisimama na kikombe chake akaniuliza kwa upole, "Umechagua lipi, mwanangu?" Nikamwomba anisubiri kidogo. Mtu mzima mwenye ndevu, nikatoa simu mfukoni.

Nikampigia Mama. Nilimweleza yote, na unajua jinsi anavyosikiliza simu, anakaa kimya mpaka unafikiri mtandao umekatika. Kisha akasema, "Toyi we, mimi sijui kununua kimoja. Vikiwa viwili hapo, chukua viwili." Nikamwambia Mama, magari mawili hela hakuna. Akasema, "Nani kataja magari? Nasema viti."

Nikanunua la viti viwili. Ukasirike.

Lilikuja vipandevipande juu ya lori lililokuwa linakwenda Kasulu kuchukua maharage. Nikaliunganisha taratibu, baada ya kazi za wateja, na injini nikaitoa kwenye lile gari dogo lililopinduka Makere, ulilosema moyo wake ni mzima. Ulisema kweli. Mkaguzi wa magari alilizunguka mara kadhaa, akapiga magoti, akainuka na kuuliza linaanzia wapi. Kwenye matuta nalipitisha kimshazari, tairi moja moja, kama mbuzi anayeshuka mlima, vinginevyo tumbo linagusa. Na liko chini kiasi kwamba wazee wakinisalimia njiani, mimi ndiye ninayewaangalia kutoka magotini mwao. Wanafurahi. Mzee mmoja wa Busunzu alisema ni gari la kwanza lenye adabu.

Kila mahali nilipokwenda, kiti chako kilikwenda kitupu. Watoto waliomba lifti, nikawanyima. Shemeji yako alitaka kukaa, nikamwambia mkanda haujakaa sawa. Aliuangalia mkanda, akaniangalia mimi, akaenda zake jikoni. Nikawa nabeba abiria asiyelipa, Bukuru, kama ulivyosema, na kila kona nilimsikia akivuta.

Kisha nikapata mwaliko wa Mwanza. Wapenzi wa magari kule hukodi eneo la maghala lenye lami, wanapanga matairi ya zamani kuwa kona, mnazunguka gari mojamoja. Nilitoka Kasulu asubuhi kukiwa kukavu. Mvua ikanikuta Busunzu, ile ya kwetu isiyopiga hodi. Turubai ni dogo, nikajifunika mimi, upande wako ukajaa maji. Nilipofika kwa Mama kiti kilikuwa kimelowa kama sifongo. Nikatoa spana, nikafungua zile boliti nne, nikakiweka barazani kikauke. Sikuwa nafikiria kitu chochote. Nilikuwa na baridi na nimechoka.

Niliporudi kutoka kubadili shati, jua lilikuwa limetoka na Mama alikuwa ametandika kanga juu ya kiti chako, amekikalia, anachambua maharage. Miguu ameinyoosha kama dereva. Nikamwambia, Mama, inuka nikifunge, safari ni ndefu. Hakuinuka. "Wewe nenda," akasema. "Mimi namshikia."

Unajua watu wanavyoshikiana siti kwenye basi. Anaweka kikapu, anaweka mtoto, mwenyewe ameenda kununua maji, anarudi. Alisema vile. Nikaenda.

Kule uwanjani jamaa wa bendera alichungulia ndani akaona boliti na sakafu tupu, akatingisha kichwa kwa heshima, akadhani ni ufundi. Nikaondoka. Kona ya kwanza nikaingia nikisubiri ule uzito wa kushoto univute, haukuja. Gari liligeuka tu. La pili, likageuka. Breki zikashika pale nilipotaka zishike. Ulikuwa sahihi, Bukuru. Kilo ni kilo. Ulikuwa sahihi kabisa, na hukuwepo nikwambie, na nililia ndani ya helmeti mpaka kioo kikaingia ukungu nikalazimika kupunguza mwendo. Saa zao zilionyesha nilikuwa karibu wa mwisho. Sikujali. Kwa mara ya kwanza tangu tukuzike nilikuwa mahali fulani peke yangu, na sikuanguka.

Nimerudi Kibondo jana. Mama alikuwa barazani palepale. Jirani ananiambia alimkatalia hata mchungaji kukaa. Nimekaa naye, nimekula, amenipa kikombe kimoja cha chai. Kimoja, Bukuru. Nimekiona, naye ameona nimekiona.

Nakuandikia hapa barazani kabla sijaanza safari ya Kasulu. Boliti ziko mfukoni. Nitafunga kiti chako sasa hivi, kwa sababu barabarani nataka uwepo, na watoto wakiomba lifti nitawapakia, shemeji yako pia, Mama pia akitaka. Watakushikia tu. Na kila nitakapokwenda uwanjani nitapitia hapa nikitoe, nimwachie Mama, nikimbie mwepesi kama ulivyotaka. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na nakuaga nayo. Nimekubali gari lako na langu. Lilikuwa gari moja, wapumbavu sisi.

Na askari wa kizuizi akiniuliza tena, sitamdanganya. Nitamwambia Bukuru alitangulia, kama kawaida yake.

Ulisema utaniacha Kibondo nikusubiri. Basi nisubiri wewe. Usiwe na haraka, kaka, matuta ni mengi, nami nayapita tairi moja moja.

Pacha wako,
Toyi