Ngoma Isipande Ghorofani

Jumatatu, 4 Agosti

Ofisini Mbaraki tangu asubuhi. Michoro ya vyoo vya shule, tena. Feni imekufa, na ukifungua dirisha vumbi la bandarini linaingia mpaka kwenye chai.

Alasiri Injinia Odera, msimamizi wangu, kanituma Mji wa Kale kuangalia ufa. Mwenye nyumba, Bwana Athman, anamwoza bintiye na anataka kupaka rangi. Alitaka kujua tu kama ufa uzibwe kwa chokaa au kwa simiti.

Si ufa wa kuziba. Uko chini ya chumba kikubwa cha ghorofani, pale boriti za mkoko zinapoingia ukutani. Bafu la juu limevuja miaka. Nimechokoa ncha ya boriti moja kwa bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Nyingine sikuziona, zimefunikwa kwa plasta. Na juu yake mawe na chokaa, mzigo tosha hata bila mtu.

Huko ndiko kutakakokuwa na kupamba, sherehe ya wanawake ya harusi, Jumamosi ya wiki ijayo. Bi harusi kwenye kiti chake, wanawake wa mtaa mzima wakicheza mbele yake. Sijapenda hata kidogo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepiga hesabu. Wakikaa kitako, labda. Wakicheza, miguu yote ikishuka pamoja, sithubutu.

Nimeandika ripoti kwa Kiingereza cha kupendeza. Injinia kaisoma, kaisifu, kaituma kwa barua pepe. Nikarudi nyumbani Tudor na furaha ya kijinga.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku mbaya.

Nimepita pale. Ufa umezibwa, rangi inapakwa. Bwana Athman hajaifungua ripoti, ataisoma baada ya harusi, inshallah. Hasira zikanipanda. Nikapanda nazo juu kwa mamake, Bi Rukia, ambaye ndiye mwenye kauli katika nyumba ile. Alikuwa na mashoga zake, wanakunja leso za kugawa. Kaniita nije karibu naye, "Ndoo ukae, mwanangu." Sikukaa. Sabalkheri moja ya haraka, kisha nikasema sakafu hii itaanguka na watu watakufa.

Hivyo hivyo. Katika nyumba ya harusi, mbele ya wageni.

Lo! Mmoja kashika kifua. Mwingine kaanza kusoma Ayatul Kursi. Bi Rukia hakupaza sauti. "Nyumba ya harusi haitajiwi maiti. Toka, na maneno yako utoke nayo."

Nikiwa bado ngazini nikasikia harufu ya ubani. Wanakifukiza chumba kwa sababu yangu.

Ningekuwa mgeni wa nchi hii ningejisamehe. Mimi ni Mgiriama wa Kaloleni. Hata kwetu, maneno yale kwenye harusi ungefukuzwa nayo mpaka barabarani. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nimelijua hilo tangu sijaota meno.

Ijumaa, 8 Agosti

Injinia kaniita. Bwana Athman amelalamika kwamba nimewatabiria mabaya.

Na hii ndiyo wiki ya kukaguliwa. Kabla sijaandikishwa kuwa mhandisi kamili, Injinia lazima ashuhudie kwamba nimeiva: hesabu, usalama, maadili, kufanya kazi na watu, kuwasiliana. Kwingine kote kanipitisha. Kuwasiliana, bado.

Kasema ripoti imekwenda, wajibu wetu umeishia hapo, nisirudi tena kule. Nikamuuliza, na kama hawakuisoma? Kasema hatukuajiriwa kumsomea mtu barua zake. Kisha akageukia simu yake.

Chuoni walitufundisha mawasiliano muhula mzima. Jinsi ya kuandika ripoti.

Nimechoka kuwa na haki peke yangu.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Jioni nimekwenda ufuoni Mama Ngina kubadilisha hewa. Mihogo, pilipili, umati. Kila kundi la wasichana lililopita likicheka, naliweka juu ya sakafu ile. Nikaacha mhogo nusu nikarudi nyumbani.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekatazwa, nimekwenda. Si kwa Bi Rukia. Kwa Mwana Esha, kungwi wa bi harusi, anayepanga mambo yote ya wanawake: nani aketi wapi, ngoma ianze lini. Bi Rukia humsikiliza yeye kuliko mwanawe.

Safari hii nilipiga hodi, nikaingia, nikakaa. Nikaulizwa hali yangu, ya mama, ya Kaloleni, ya mvua. Nikanywa kahawa chungu mpaka ikaisha. Ndani nawaka moto. Nikanyamaza mpaka akauliza mwenyewe.

"Haya. Wewe ndiwe uliyemtia Bi Rukia mori. Una nini?"

Nikaanza kuzungukazunguka. Chumba kizee, chataka kupumzishwa. Kanikata. "Usinipambie. Hapa si nyumba ya harusi, sema."

Nikasema yote. Kauliza kama nina yakini. Nikamwambia sina, nimeona ncha ya boriti moja tu. Lakini dadangu nisingemwacha acheze juu yake.

Kakusanya vikombe vya kahawa. Kisha kasema kesho tutakwenda wote wawili, na yeye ndiye atakayeanza kusema.

Jumanne, 12 Agosti

Tumekwenda. Salamu peke yake ilichukua muda wa kupika wali. Mwana Esha kamwomba Bi Rukia anisamehe, nami nikaomba radhi kwa kinywa changu, kwa namna nilivyosema. Si kwa nilichosema. Nilikuwa nikiogopa atayachanganya hayo mawili.

Kisha Mwana Esha akatuacha, nami nikateremka na Bi Rukia mpaka chini ya chumba kile. Nikamwonyesha. Nikampa bisibisi achokoe mwenyewe ncha ya boriti, kupitia rangi mpya. Ikazama. Kaichomoa, kaifuta kwenye leso yake, kanirudishia.

Hakusema ndiyo wala la. Kasema tu, "Mimi nami nilipambiwa hapo juu. Na mamangu."

Alhamisi, 14 Agosti

Hakuna habari. Nimemwambia Injinia nilikokwenda, kabla hajaambiwa na mtu. Kakasirika. Kasema hili litaingia katika ukaguzi wangu. Na liingie.

Vyoo vya shule. Nimekosea kipimo kimoja mara mbili.

Jumamosi, 16 Agosti

Sikualikwa. Nimekwenda nikasimama mwisho wa kichochoro kama mdai.

Wamekifunga kichochoro kwa mapazia, huku na huku. Mikeka chini, kiti cha bi harusi kimewekwa mlangoni. Ngoma ilipoanza nikaisikia kwenye nyayo zangu, na ardhi ile imekaa pale tangu dunia iumbwe. Nikaegemea ukuta.

Mwana Esha alitoka kidogo kupunga upepo. Kaniambia mlango wa ngazi umetiwa kufuli, na ufunguo umefungwa kwenye pindo la leso ya Bi Rukia. Wasichana wameomba wakapigie picha juu. Wamepigiwa kelele.

Bi Rukia alinipita karibu. Hakunisalimu. Sawa.

Jumatano, 20 Agosti

Harusi imekwisha, mafundi wamefumua plasta. Injinia alikuja mwenyewe. Boriti nyingine ni unga mtupu. Nyingine nzima kabisa, ngumu, zimechanganyikana vibaya na zile mbovu.

Bwana Athman kauliza mbele ya watu wote: basi ingeanguka, au isingeanguka?

Injinia kanitazama. Nilijua jibu linalotakiwa. Ningesema ingeanguka, leo ningekuwa shujaa, na hata yeye angepumua.

Nikasema sijui.

Fundi mmoja kakohoa. Bwana Athman kacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyenyimwa ghorofa yake bure. Injinia hakuniokoa. Hakunipinga pia.

Bi Rukia alikuwa ameketi kwenye ngazi muda wote, kajifunika leso mpaka mabegani. Kainuka polepole, mkono ukutani. Nikangoja nifukuzwe mara ya pili.

Kasema nyuma kuna chumba anacholala yeye, tangu alipoolewa. Hakuna mtu aliyewahi kukiangalia.

"Ndoo ukiangalie."

Nikachukua tochi, nikamfuata.