Bega la Kushoto la Pini

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana jambo hili nimelibeba mwezi mzima na sasa limenielemea. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, nasomea ubunifu wa mavazi na maleba ya jukwaani, na chumbani nilikuwa nakaa na mwenzangu tuliyemwita Pini kwa sababu muda wote alikuwa na pini mdomoni, hata ukimsalimia anakujibu kwa pua. Alikuwa hodari kuliko sisi wote, na alifariki muhula uliopita, homa ya siku nne tu, akaacha kompyuta yake juu ya meza yangu kwa kuwa yangu ilikuwa imeharibika na tulikuwa tunatumia moja. Humo mlikuwa na maleba sita ya mchezo wa malkia mjane, yote yameshonwa kwenye skrini kwa programu ya mavazi na kuvalishwa mwili wa kompyuta, kila mshono mahali pake, na jalada langu la kazi lilikuwa na vitu viwili vya kubahatisha na siku ya kukusanya imefika, basi nikafuta jina lake nikaandika langu.

Jalada limenipa nafasi, mshauri. Karakana ya maleba ya jumba la maonyesho imenichukua, na Ijumaa ijayo kazi zetu zinaonyeshwa ukumbini. Juzi mama yake Pini, fundi cherehani wa sare za shule, alinipigia simu. "Mwanangu," akasema, "hakuna alichoacha humo kwenye kompyuta? Hata gauni moja, nilishone niwe nalo." Nikamjibu, "Mama, mashine iliungua, hakikubaki kitu." Akasema, "Haya mwanangu, pole na wewe, najua mlipendana."

Sasa chuo kimemwalika aje Ijumaa. Na kuna jambo jingine: sisi wengine huchukua mwili uliokuja tayari na programu, tukauvisha nguo, lakini Pini alijipima mwenyewe, mimi ndiye niliyeshika utepe, na bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka sentimita mbili tangu alipovunjika utotoni. Mama yake alikuwa akimshonea sare zenye pedi ya bega upande huo tu, wenzake wasimcheke. Maleba yote sita yamekatwa kufuata bega hilo, na mwalimu alinisifu mbele ya darasa kwamba nimetazama mwili wa kweli. Kulinyanyua kwenye skrini, mama asilitambue, ni kazi ya dakika moja. Nilinyanyue, au nijifanye naumwa nisiende?

Aliyeshika Utepe

*

Aliyeshika Utepe, pole kwa kufiwa. Hiyo naisema kwa moyo wote, maana ulimpoteza rafiki, na badala ya kumlilia ukawa unamfuta jina. Pole zangu zinaishia hapo.

Umeniuliza habari za bega, za mama hukuuliza. Kuiba kazi ni kosa la mwanafunzi mwenye hofu, na barua za namna hiyo napata kila wiki. Lakini huyu mama amekuomba gauni moja la mwanawe, nawe unalo mezani, ukamwambia limeungua. Umemzikia mtoto mara ya pili, na yeye akakupa pole. Binti, una uso mkavu.

Bega usiliguse. Yule fundi amelishonea miaka yote ya shule, na hicho ndicho kipimo cha mwisho cha mwanawe alichobaki nacho. Ugonjwa wa uongo nao uache. Leo hii toa nakala ya mafaili yote, rudisha jina lake kila ukurasa, kisha kachapishe mikato ya gauni la malkia kwa ukubwa wake halisi, ili mama aweze kuilaza juu ya kitambaa. Kesho asubuhi mfuate mwalimu, umwambie kwa mdomo wako, si kwa ujumbe wa simu. Nafasi ya karakana itaondoka, na huenda cheti nacho. Iache iende, haikuwa yako.

Mchana huohuo nenda kwa mama, usingoje Ijumaa. Usianze kujitetea, wala shetani usimsingizie. Mwambie, "Mama, nilikudanganya, kila kitu kipo." Atakalokuambia lipokee. Akikufukuza, mkabidhi kompyuta na zile karatasi uondoke. Akikukaribisha, washa skrini, mgeuze malkia taratibu mpaka mabega yote mawili yaonekane, kisha toka nje umfungie mlango, akae na mwanawe.