Kamba ya Baba na Mwamba wa Kaleb

Manundu, Korogwe.
8 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Nicolaus,

Marahaba, maana najua shikamoo umeshaitoa kabla hujamaliza kufungua bahasha. Habari za Mtwara, na za huko melini? Mkeo Raheli na mtoto hawajambo? Sisi ni wazima, ila goti langu linanikumbusha umri kila nikienda sokoni Mombo.

Kwanza nikuombe radhi. Mwaka jana uliponiandikia kwamba mmekuta mwamba usiokuwemo kwenye ramani ya bahari, mkakaa siku tatu mkiupima na kuurudia, nilicheka. Nilimwambia jirani yangu Faudhia kwamba ninyi watu wa upimaji mna nafasi kweli. Siku tatu kwa jiwe moja!

Mwezi uliopita mwanangu Kaleb alitoka Tanga kwenda Pemba na boti ya mizigo, wamebeba saruji. Nahodha wao, Sadala, ana njia yake ya mkato aliyoizoea, na asubuhi ile maji yalikuwa yamekupwa. Lakini wiki hiyohiyo walikuwa wamepata ramani yenu mpya, na katikati ya njia yake pana alama ya mwamba, mita moja na nusu tu chini ya maji. Akanuna, akazunguka. Boti iliyowafuata ilikuwa na ramani ya zamani. Ikapita palepale, ikapasuka. Kina Kaleb wakarudi wakawaopoa watu wote saba, wazima.

Ni mwamba wako ule, Nicolaus. Mwanangu ninaye mmoja tu, na leo amekaa hapa anakula ugali na kulalamikia mboga. Nimelia kwa furaha mpaka nimeona aibu. Asante, mdogo wangu. Asante kwa zile siku tatu.

Kaleb alikwenda Kabuku kumsimulia babu yake. Unamjua Baba, tangu uache ualimu Kang'ata hataki kusikia habari zako. Mtu mzima, anasema, kwenda kupima maji! Safari hii alisikiliza. Kabla Kaleb hajamweleza kuhusu mashine yenu inayotuma sauti chini kupima kina, mzee alishaingia ndani kutafuta katani.

Amesokota wiki mbili. Kamba ya kukupimia maji, pima ishirini za mikono yake, fundo kila pima, kama walivyopimiana ngwe shambani enzi za mkonge, na nati ya trekta mwishoni. Mafundo ya mwisho yamelegea, vidole havimtii tena. Utaipokea kwenye basi pamoja na barua hii.

Wasalimie Raheli na mwanao Godlisten. Shangazi Grasiana anakuombea kila Jumapili. Mungu akutangulie kila mnapong'oa nanga.

Habari za mashine usimwambie Baba. Meli yenu ikipita tena Tanga, izamishe kamba yake mara moja tu, pale kwenye mwamba wa Kaleb. Maji si marefu, itafika. Kisha umpigie simu wewe mwenyewe. Ameshatuambia kwamba ikilia, asiipokee mtu mwingine.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Hilaria