Udhu Saba za Babu Mwinyimvua

Sabah, mbavu sina! Bibi ametoboa siri ya babu.

Ramadhani, miaka ya hamsini, babu kaenda Zinga kuwalimia wakwe watarajiwa. Daku kala muhogo na samaki wa chumvi. Maji hakugusa, eti yanajaza tumbo bure.

Saa sita mchana akadhani ana njaa. Kumbe kiu! Akaenda kutawadha. Akarudi. Akaenda tena. Mara saba, Sabah. SABA!

Baba mkwe akamsifu kwa ibada, kisha akamfuata kisimani.

"Mwanangu, maji ya kusukutua hutemwa. Yako mbona hayarudi?"

Babu akaiona posa inamponyoka.

"Siku hii utailipa kwa kufunga nyingine baada ya Idi," mzee akamwambia. " Daku utakula kwangu, na maji atateka Sikuzani."

Sikuzani ndiye bibi! Akateka mtungi mzima, akachungulia dirishani mpaka babu alipoumaliza.