Hamira ya Chungu cha Mama

Kambi Muru, Kibera
14 Julai 2024

Dada yangu Annet,

Nakusalimu wewe, shemeji na wajukuu wote. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Mimi kifua kilinisumbua mwezi wa sita, lakini kwa neema ya Mungu sasa natembea hadi kanisani bila kupumzika njiani. Yale mahindi uliyonitumia niliyachoma na majirani, wakakuombea baraka.

Nakuandikia kuhusu hamira ya Mama. Itabidi nieleze, na wewe unajua mimi siwezi kueleza kwa ufupi.

Unakumbuka kwamba chungu chake cha pombe ya busaa hakikuoshwa kwa sabuni. Alikisuuza kwa maji tu, na ule utando uliobaki kwenye nyufa ndio ulioumua busaa ya wiki iliyofuata. Baada ya mazishi wewe, kwa nia njema kabisa, ulikisugua kwa sabuni na majivu mpaka kikang'aa. Shangazi zetu wakakusema hadi ukalia siku mbili. Nilikutuliza kwa kukuambia kwamba miaka mingi kabla ya hapo niliukwangua utando ule, nikaupeleka maabara nilikofanya kazi, na kwamba hamira ya Mama inaishi Nairobi ndani ya kichupa. Kila Krismasi unaniuliza kama bado iko hai. Kila Krismasi nakujibu ndiyo.

Nilipostaafu, sikuuamini umeme wa huku Kibera. Nikafanya kama tulivyofanya kazini, ambako kila kitu cha thamani kiliwekewa nakala kwenye friji ya mtu mwingine. Nakala nikampa Khamala, fundi mwenzangu wa maabara, yule aliyebeba jeneza la Mama akiwa mbele yangu. Anakaa Kabiro, kule Kawangware, na ana friji ya kuuzia maziwa.

Mwezi uliopita alinijia msichana mwenye adabu aitwaye Valary, mtafiti wa chuo. Anachunguza jeni moja katika hamira za pombe za nyumbani. Ndani ya seli ya hamira mna vijumba vidogo sana viitwavyo mitokondria. Humo ndimo chakula na hewa vinapogeuzwa kuwa nguvu, na vijumba hivyo vina jeni zake vyenyewe, chache tu. Hiyo anayoichunguza inaagiza kuundwa kwa kipande kimoja cha mtambo wa kupumua. Ikiharibika, mtambo wote husimama. Valary alisema amepata hamira ambayo jeni yake hiyo ina tofauti ambayo hajaiona kwingine, na chuo kitaihifadhi kwa jina la mama aliyeitunza. Alichohitaji kwangu ni sahihi ya shahidi.

Nikavaa miwani, nikasoma fomu yake. Imetoka katika chungu cha mamake Khamala. Shahidi: Nashon Shivachi.

Annet, mamake Khamala alikuwa mlokole. Busaa haikukanyaga boma lake hata siku moja!

Sikutia sahihi. Nilimwomba Valary siku kumi nimletee hamira yangu ailinganishe na ile. Kabla ya kumpa nikaona niipime mwenyewe. Hamira ikipewa sukari, hata ile iliyoharibika jeni hiyo huishi, kwa kuwa huchachusha bila kupumua. Lakini ukiipa gliserini peke yake, isiyoweza kupumua haioti. Kwa hiyo nilinunua gliserini, hiihii ya kupaka midomo. Audrey wa kioski akaniuliza mbele ya wateja, mzee wa miaka sabini na chupa tatu, midomo ni ya nani? Tukacheka wote. Nikachemsha supu ya mifupa, nikaichuja, nikaitia gliserini katika kisahani kimoja na sukari katika kingine, nikaigandisha na kuipaka hamira.

Siku ya tatu kwenye gliserini hapakuota kitu. Siku ya saba vilevile. Kwenye kisahani cha sukari ziliota chembe ndogondogo kuliko wimbi.

Nilikwenda Kabiro nikiwa na hasira na aibu pamoja. Khamala alikuwa anaosha madebe ya maziwa. Alinikaribisha kwa kelele, akaniita buda, akauliza kama bado sijafa. Nilipomtajia fomu hakuona haya. Alisema lebo ililowa ikabanduka zamani. Akaniuliza ni nani aliyeipaka hamira ile kwenye gliserini kila baada ya miezi mitatu kwa miaka kumi na moja, na mimi nilikuja kuiulizia mara ngapi. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba Mama yetu alizikwa na umati, na mamake yeye hana hata picha. Chuo kilikuwa kimepata tone tu la kusoma jeni. Chupa yenyewe ingekabidhiwa fomu ikishakamilika. Nikitia sahihi, nami nitapata kichupa. Nikikataa, ataimwaga kwenye mtaro. Akaishika chupa mkononi akisema hayo. Huyo ndiye aliyebeba jeneza.

Sasa nikuambie nisiloweza kumwambia mwingine. Ile yangu imekufa pumzi, sijui tangu lini. Kwa miaka kumi na moja niliilisha sukari, na sikuipima hata mara moja. Kila Krismasi nilikujibu ndiyo bila kujua. Wewe uliosha chungu mara moja, wakakusema mbele ya watu. Mimi niliipoteza kimyakimya, na hakuna aliyenisema.

Nilitia sahihi, Annet.

Kile kichupa alichonipa Khamala nilikipima nilipofika nyumbani. Siku ya nne kisahani cha gliserini kilikuwa cheupe kote. Ndani ya bahasha hii mna unga wa wimbi niliokaushia hamira hiyo. Utie katika chungu kipya chenye uji uliopoa, na usikioshe kwa sabuni. Shangazi wakiuliza, waambie ni ya Mama. Kwenye kitabu cha chuo itakuwa ya mwanamke mwingine, na mwanawe Mama ndiye shahidi.

Nisalimie shemeji, na umwambie mjukuu wetu Nanyama asome kwa bidii. Ukiona huwezi kunijibu, nitaelewa. Sahihi hii unaijua. Ndiyo ileile niliyoiweka kule.

Kaka yako,
Nashon Shivachi